Njuga ya Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa Digidigi na masikio yake!

Hapo zamani za kale, ngojeni nivute pumzi, zamani sana, Digidigi alikuwa na kazi ya kusikiliza. Wenzake wakila majani, yeye husimama tuli, asikie Chui anatokea wapi. Na mwanawe mchanga kalala miguuni pake.

Siku moja akaja Fisi, msimamizi wa Mfalme Simba, akamfunga njuga mguuni. "Mama, anayefanya kazi njuga yake italia. Isipolia, umelala. Ukilala, wewe na mtoto mnatoka kichakani humu."

"Lakini baba, kazi yangu ni kutulia!"

"Utajua mwenyewe," akasema Fisi, akaenda zake kulala.

Digidigi akatulia. Njuga kimya. Akajiambia, loo! Watasema nimelala! Akatikisa mguu: cheke cheke!

Akila, cheke cheke. Akinyonyesha, cheke cheke. Hata usingizini, cheke cheke.

"Mama," mtoto akasema, "Fisi mwenyewe anakoroma. Unamtikisia nani?"

"Nyamaza we! Huenda anasikia!"

Kumbe anayesikia ni Chui! Akaja, wala hakunyata, nani angemsikia? Mama kugeuka, kucha ziko mgongoni mwa mwanawe.

Digidigi hakukimbia, akamwambia: "Karibu, Mzee Chui. Kumbe mvivu naye huwinda?"

"Mvivu nani?"

"Si wewe? Sisi wenye kazi twaliza njuga kutwa, wewe hujaliza hata mara moja. Simba anauliza, huyu Chui ana kazi gani?"

"Mimi? Niko mbioni tangu alfajiri! Lete hiyo njuga!"

Akaivaa, mguu mmoja bado kamkandamiza mtoto. Akatikisa.

"Haifiki kwa Simba, mzee. Ruka."

Akaruka kidogo.

"Ruka zaidi!"

Akaruka kwa miguu yote minne, na mtoto huyo, kachomoka! Mama nyuma yake, vumbi tupu!

Chui akawakimbilia, lakini njuga ikitangulia kupiga kelele, kila mnyama akajificha. Akasimama, ikanyamaza. Akaogopa kuitwa mvivu, akatikisa tena.

Fisi akazinduka. "Hongera, Chui! Hakuna mchapakazi kama wewe!"

Chui akalala na sifa, tumbo tupu.

Basi wanangu, anayejitikisa ili aonekane anafanya kazi, kazi yenyewe humponyoka, na mtoto naye nusura aende.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyetulia kaisikia, aliyekuwa akijitikisa, amuulize jirani.