Mjane Aliyefunga Programu

Mjane mmoja alikuwa na kompyuta ya mezani, aliyoachiwa na mumewe pamoja na nyumba. Jina lake Mwajabu. Baada ya arobaini, shemeji yake Kitwana alihamia kwake, akisema amekuja kuangalia mali ya ndugu yake. Akakalia kiti cha marehemu. Akaijaza kompyuta programu zake: ya mpira, ya karata, ya nyimbo, na nyingine ambazo hata mwenyewe hakujua zinafanya nini. Kila mashine ilipowashwa, zote ziliamka bila kuitwa na mtu.

Ikafika siku Mwajabu aliposikia kwamba Kitwana anaitafutia nyumba mnunuzi. Asubuhi hiyo akaketi kuliandikia baraza la kata pingamizi, maana mwisho wa kulipokea ulikuwa saa nane mchana. Alipofika ukurasa wa pili, mashine ikaganda. Akabonyeza huku na huku, kimya. Akangoja. Saa tano ikapita, saa sita ikaingia, naye bado anangoja, kama alivyofundishwa kungoja tangu utotoni.

Kitwana akasema kutoka kitini, “Usiguse, shemeji. Utaiua mashine ya marehemu.”

Mwajabu akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya. Orodha ya programu ikatokea. Akazisoma moja moja. Zile zinazoiendesha mashine yenyewe hakuzigusa. Za Kitwana akazifunga zote, ikabaki ile aliyokuwa akiandikia, iliyoganda. Hapo kioo kikamwonya kwamba yasiyohifadhiwa yatapotea. Na ukurasa mzima ulikuwa humo.

“Nitaandika upya,” alisema, bila kugeuka. “Lakini asiyefanya kazi, na asiyeitika akiitwa, hapa kwangu anatoka.”

Akafunga. Ukurasa ukapotea kweli. Akauandika tena, mara hii kwa maneno machache na makali zaidi, akauchapisha, akajitanda kanga yake akaondoka. Saa saba na nusu alikuwa mlangoni mwa baraza. Nyumba haikuuzwa, na kabla mwezi mwingine haujaandama Kitwana alifungasha mizigo yake.

Ndugu zangu mnaongoja mpaka leo, hiyo ni subira kweli, au ni woga mliouvisha kanzu?