Diwani na Pampu ya Kisima

Diwani Kisaka aling'oa pampu ya kisima cha mji akaifunga bustanini kwake, mwaya, akina mama wakabaki na ndoo kavu. Aliposikia Mwanakheri, binti wa hapo mjini mwenye kamera, anapiga filamu ya kumcheka, alimjia juu.

"Ifute leo hii!"

"Mheshimiwa, nani kakudanganya? Wewe ndiye nyota! Limebaki tukio la mwisho tu, diwani anafunga pampu kisimani, anapigiwa vigelegele."

"Halafu?"

"Halafu ujichukulie pampu yako."

Kesho yake akaja na suti na fundi. Maji yakatoka, vigelegele vikapaa, diwani akapunga mkono mpaka ukachoka.

"Basi," akasema, akichukua spana ya fundi, "zima kamera niing'oe."

"Siizimi, baba," alisema Mwanakheri. "Wewe ng'oa tu. Hapo ndipo watu watakapocheka."

Diwani akamrudishia fundi spana, akaondoka bila kuaga.