Punje na Mbwa Aliyepita Kwenye Jicho la Kifuu

Jamani wa nyumba hii, mpo?

Tupo!

Na aliyesinzia?

Hayupo!

Basi mwenye kucheka kwa meno akae nyuma, mwenye kucheka kwa tumbo asogee mbele.

Tumesogea!

Haya. Alikuwepo Kiboko. Mnene, mnene, mnene huyo, akitoka mtoni maji yanashuka, akirudi mtoni maji yanapanda. Akipiga miayo, ungeweza kuanika mpunga mle mdomoni ukauke na usimwagike hata kidogo. Na kitu alichokipenda Kiboko kuliko vyote duniani kilikuwa boga. Boga bichi, boga la kuiva, boga lililooza upande mmoja, yeye alikuwa hachagui. Lilikuwa likiingia zima, kwacha! Likaisha.

Kiboko alikuwa anafuga mbwa. Zamani mbwa wake walikuwa mbwa kama mbwa wengine, wa kulinda na kubweka. Mnyama aliyetaka mbwa alileta boga, akachukua mbwa, akaenda zake. Siku moja akaja Bibi Tembo, akamwona mtoto wa mbwa aliyezaliwa dhaifu, mdogo kuliko wenzake.

"Yuu! Kazuri haka! Nitakaweka nyuma ya sikio langu, nikienda kwa mashoga zangu nakatoa, nakaonyesha, nakarudisha."

Akalipa boga kubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana pale mtoni.

Kiboko alilila boga lile, akakaa, akafikiri. Akasema, "Hoo-hoo-hoo! Kumbe mbwa akipungua, boga linaongezeka!"

Tangu siku ile akaanza kupunguza mbwa. Alikuwa akitazama waliozaliwa, anachukua mdogo wa kiume na mdogo wa kike, anawaoza. Wakizaa, anachukua tena mdogo na mdogo, anawaoza. Wawe ndugu, wasiwe ndugu, yeye hakuuliza. Mwanzo aliwapima kwa kapu. Aliyeenea kapuni alifaa. Baadaye akawapima kwa kibuyu. Mwisho akawapima kwa kifuu cha nazi, kile cha upande wenye jicho, na jicho lenyewe limetoboka. Aliyeenea kwenye kifuu akiwa mtu mzima, huyo ndiye. Na kila alipopima Kiboko alisema neno lile lile:

"Kadogo! Kadogo zaidi! Kadogo tena!"

Miongoni mwa mbwa wa kifuu alikuwemo Punje.

Punje alikuwa mzuri wa kutazama. Lakini kuwa Punje ilikuwa kazi. Magoti yake yalikuwa yakiteguka akiruka mzizi tu, kwa! Inabidi akae ayarudishe. Meno yalikuwa mengi kuliko mdomo, yamepandana kama watu mlangoni. Asipokula kidogo kidogo kutwa nzima, macho yanaona giza, anaanguka pu! Na utosini kwake, pale ambapo mtoto mchanga anapwita kisha panafunga, pake hapakufunga. Palikuwa panapwita hadi ukubwani, dup, dup, dup, na tunda la mkuyu likianguka karibu, Punje alikuwa akikimbia kama ameangukiwa na mlima.

Yote hayo aliyazoea. Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine. Dada yake, Chembe, alikuwa ameozwa msimu uliopita. Siku yake ya kujifungua ilifika, mtoto hakupita. Kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa, njia ya mama ilikuwa finyu. Chembe alilala ubavu asubuhi, na jua lilipozama hakuamka. Punje alikuwa amekaa naye, amemlamba sikio mpaka sikio likapoa.

Kiboko alipopewa habari alisema, "Poleni sana, poleni." Kisha akauliza, "Lakini mtoto alikuwa mdogo?"

Sasa siku hiyo Kiboko akatoka majini, chubwi, chubwi, chubwi, akasimama mbele ya Punje.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Punje, furahi. Nimekupatia mume. Mvua hizi zikikatika tu, unaolewa na Kidole."

Punje akahisi magoti yanateguka yote kwa mpigo. "Bwana Mkubwa, Kidole ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Ndiyo uzuri wake! Mdogo kwa mdogo, tena wa nyumba moja. Bibi Tembo anataka kadogo zaidi, kadogo tena. Ameniahidi shamba zima la maboga." Akajilamba, akarudi majini.

Punje akajikunyata chini ya jani la mgomba, anatetemeka. Akawaza: Chembe alikuwa mpana kuliko mimi, na hakupona.

"Mama mwenye nyumba," ikasema sauti kutoka shingoni mwake, "acha kutetemeka. Watoto wangu wamelala, unawaamsha."

Alikuwa Kiroboto, mpangaji wake. Alikaa shingoni mwa Punje na mkewe na watoto, na kodi alikuwa halipi.

"Niache, mpangaji. Nikifa utahamia wapi?"

"Usiseme hivyo! Na nyumba yenyewe tayari imetubana. Familia inakua, manyoya yako ni mkono mmoja tu. Mke wangu ananinunia kila siku."

Punje akainua mguu kujikuna, kwaru kwaru kwaru, Kiroboto akaruka hadi kwenye jani, akaruka akarudi. Punje akamtazama. Akamtazama tena. Mkia ukaanza kutikisika wenyewe.

"Mpangaji, wewe unajua kubweka?"

"Mimi? Kwa nini nibweke? Kwetu ni watu wa heshima."

"Nataka uwe mbwa."

"Mbwa! Bibi yangu akisikia atarudi kutoka alikokwenda anichape!"

"Sikiliza kwanza. Unamwona yule Kiboko? Tazama mgongo ule. Tazama mikunjo ya shingo. Tazama nyuma ya masikio, kivuli tupu."

Kiroboto akatazama. Akameza mate. "Mama mwenye nyumba, ule si mwili. Ule ni mji."

"Basi jifunze kubweka."

Kesho yake asubuhi Punje akaenda ukingoni, anatembea polepole kama mzazi. "Hodi, Bwana Mkubwa! Nimekuja na habari njema. Harusi ya nini tena? Nimeshazaa."

Kiboko akaibuka, puuu! Maji yakaruka hadi kwenye matete. "Umezaa? Na nani?"

"Mambo mengine ya aibu, Bwana Mkubwa, usiniulize. Tazama mtoto tu."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, juu ya pua yangu."

Kiboko akasogeza jicho. Akasogeza jicho la pili. "Naona kavumbi."

"Kavumbi kanabweka? Mwanangu, msalimie babu."

"Hou," akasema Kiroboto, kwa sauti ya sindano inayoanguka kwenye unga. "Hou, hou. Shikamoo."

Kiboko akashtuka. Lakini alikuwa mfanyabiashara mzoefu, hadanganywi hivi hivi. Akaleta kifuu. "Lazima apimwe. Mbwa wangu wote hupimwa."

Akamweka Kiroboto ndani ya kifuu. Kiroboto akazunguka kifuu chote, akaona lile jicho lililotoboka, akapita, akatokea upande wa pili, akarudi, akapita tena.

Kiboko akakaa chini, tii! Ardhi ikatikisika. "Amepita kwenye jicho! Mbwa amepita kwenye jicho la kifuu! Kadogo! Kadogo zaidi! Kadogo tena!" Kisha akakunja uso. "Ngoja. Mbwa huruka. Huyu anaruka?"

Tifu! Kiroboto akaruka hadi kwenye shavu la Kiboko.

"Anaruka! Mbwa huuma. Huyu anauma?"

Kwi!

"Aaa! Anauma, anauma! Mbwa humfuata bwana wake. Huyu anafuata?"

"Bwana Mkubwa," akasema Punje, "huyu hata ukimfukuza haondoki."

"Na kuzaa je?"

"Wanazaa kama mvua. Unalala nao wachache, unaamka nao wengi. Mama hahitaji mkunga. Hasikii hata uchungu." Hapo sauti ya Punje ilitaka kukatika kidogo, maana katika maneno yote ya asubuhi ile, hilo ndilo lililomtia wivu moyoni. Akakohoa, akaendelea. "Jamaa zao wote nimewaleta shingoni. Wachukue."

Wakahama. Mke wa Kiroboto mbele, watoto nyuma, shangazi na mizigo, tifu, tifu, tifu, wote nyuma ya masikio ya Kiboko. Na kule juu mtu angesikiliza vizuri angesikia mke wa Kiroboto akisema, "Mimi nachukua chumba hiki chenye baridi."

Kiboko akacheka hadi meno ya mwisho yakaonekana. "Vizuri sana. Sasa nina mbwa wa kifuu na mbwa wa jicho la kifuu. Wewe Punje bado utaolewa na Kidole. Biashara haikataliwi."

Eh, jamani! Punje utosi ukapwita, dup dup dup dup. Lakini hakukimbia. Alisogea, akanong'ona.

"Ni sawa, Bwana Mkubwa. Ila tatizo ni moja. Watoto huiga wanachokiona. Hawa wadogo wakikaa karibu na majitu kama mimi na Kidole, watatamani kukua. Kesho utakuta wamekuwa kama nyuki. Kesho kutwa kama mende. Na Bibi Tembo..."

"Kama mende!" Kiboko akaruka juu. Akageuka, akawatazama mbwa wake waliokuwa wamelala kwenye mchanga, kila mmoja anaenea kwenye kifuu na nafasi inabaki. Akawaona wakubwa, wakubwa, wanatisha.

"Tokeni!" akanguruma. "Tokeni hapa, majitu nyie! Mnaniharibia biashara! Kidole, ondoa mwili wako huo mbele yangu!"

Kidole hakuwahi kuitwa jitu maishani mwake. Alitembea kifua mbele mpaka nje ya boma, na njiani akateguka goti mara kadhaa, hakujali. Wakaondoka wote, wakubwa kwa wadogo, na Punje nyuma yao, anakaza mwendo bila kugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atacheka.

Bibi Tembo akaja na shamba zima la maboga. Akapewa mbwa wake nyuma ya sikio, tena familia nzima. Siku ya kwanza alitamba. "Mashoga, mnamwona?" "Hatumwoni." "Ndiyo uzuri wake!" Basi mashoga nao wakataka, Ngiri naye akataka, kila mmoja akachukua wake. Siku ya pili Bibi Tembo alijikuna kidogo. Siku ya tatu aliukumbatia mti, kwaruu kwaruu, mti ukang'oka. Akakumbatia mwingine. Msitu mzima ukawa unacheza ngoma, huyu anajisugua, yule anajibiringisha, Ngiri amekaa kwenye tope hataki kutoka.

Na Kiboko? Kiboko ndiye mwenye mji. Alianza kujikuna kwenye jiwe, jiwe likapasuka. Akaingia majini, chubwi! Ahh, raha. Akatoka, kwi kwi kwi! Akaingia tena, chubwi! Mara akasikia ardhi inatetemeka. Bibi Tembo anakuja na mashoga zake.

"Kiboko! Toka nje utuambie, huyu ni mbwa wa namna gani?"

Kiboko akatoa macho na pua tu. "Ni mbwa mdogo, Bibi. Si uliomba mdogo?"

"Toka nikuonyeshe nilichoomba!"

Hakutoka. Na hadi leo Kiboko mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na pua, na masikio yanapigapiga, pata pata pata. Mkimpita, msimuulize habari za mbwa.

Punje na wenzake walifika kijijini, wakakuta mbwa koko, warefu, wachafu, hawana wasiwasi wowote. Vijana wa kiume wa kifuu wakapata wachumba warefu warefu, wajukuu wakaja na magoti yanayokaa mahali pake. Punje mwenyewe aliposwa, tena na mbwa mwenye sauti nzuri. Akasema, "Ahsante, kaka, mimi sitazaa, nimechoka kupimwa." Akaishi hivyo hivyo, mdogo, mzima, anakula kidogo kidogo, analala juani na wajukuu wa ndugu zake wamemzunguka kama ukuta. Na shingo yake haikuwasha tena.

Haya, wanangu, mnasikia? Ngano hii ina funzo kubwa, mlishike. Msiseme uongo. Mmeona wenyewe. Kiboko hakusema uongo hata mara moja, alisema ukweli mtupu kila siku, na maboga aliyapata. Punje alisema uongo asubuhi moja tu, na akaadhibiwa vikali: hakupata mume, hakupata harusi, hakupata hata kipande cha boga, na mpaka anazeeka alilazimika kuishi.

Ngano yangu imefika mlangoni.

Ifungulie!

Imevua viatu, imelala.

Ilale salama!