Nyamizi Aliyekataa Kuitika

Paukwa!
— Pakawa!
Msituni kuna nini?
— Kuna mvua na miti!
Nyumbani kuna nini?
— Kuna njaa na masikio!
Basi masikio yaje mbele, njaa ikae nyuma.

Hapo kale, katika nchi ya misitu ya miyombo, aliishi mama mmoja, Nyamizi. Mume alikwenda safari, hakurudi. Watoto watatu, jembe moja, mgongo mmoja. Mnamjua mama wa namna hiyo. Wengine mmelala mapajani mwake.

Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake waliingia msituni kuchuma uyoga: Nyamizi, wifi yake Kalunde, shoga yake Msoke, na mama mkwe wake, Bibi Nzile. Desturi ilikuwa hii: mnatawanyika, mnaitana majina msipotee, kisha vikapu vyote vinamwagwa kwenye kaniki moja. Bibi Nzile anachambua. Wenye sumu anautupa, mzuri anaugawa. Kila nyumba fungu moja.

Fungu moja! Kalunde hana mtoto, fungu moja. Nyamizi ana vinywa vinne, fungu moja.

"Wifi, mbona umenuna?" Kalunde akamtania. "Uyoga ukiuona uso huo utarudi ardhini."

"Cheka tu, wifi. Wewe unapika kijiko, mimi napika chungu."

Siku hiyo Nyamizi akaona kichuguu kimejaa uyoga, mweupe, umesongamana kama watu msibani. Mwenye njaa hana miiko. Akainama, akachuma. Akasikia kwa mbali:

"Nyamizi ee!"

Kimya. Akachuma.

"Nyamizi ee! Umepata?"

Kimya. Akachuma.

"Nyamizi ee! Mwanangu, u mzima?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi Nzile. Jibu lilimfika kooni. Akalimeza, akachuma.

Nyinyi mngeitika? Semeni kweli. Haya, nyamazeni.

Akapita njia ya nyuma, ile ndefu, akafika, akapika. Harufu ikajaa nyumba. Watoto wakakaa, tonge mkononi. Nyamizi akainua mwiko, mkono ukasimama hewani. Huu wenye pete shingoni ni uyoga gani? Maisha yake yote alichuma. Kuchambua, alichambua mwingine.

"Mama, tupe."

"Subirini."

"Mama, unapoa."

"Nimesema subirini! Asiguse mtu!"

Akachukua mmoja mbichi, akakimbilia kwa Bibi Nzile. Atamdanganya kidogo: mama, nimeuokota njiani, ni wa namna gani huu? Mlango umefungwa. Akaenda kwa Kalunde. Jiko limepoa. Akaenda kwa Msoke. Watoto wamekaa kizingitini, wanalia njaa.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Alichukua panga, akarudi msituni. Wanakutafuta wewe. Wanasema umeliwa."

Nyamizi akarudi msituni mbio. Akawakuta wenzake sauti zimewakauka, miguu imechanwa na miiba. Hakuna aliyemkumbatia, hakuna aliyemtukana. Bibi Nzile akautazama ule uyoga mkononi mwake, akaelewa yote.

"Watoto wamekula?"

"Bado, mama."

Bibi akaunusa, akauvunja, akautupa. "Nenda ukamwage chungu chote. Zika mbali na kuku."

Mwaka uliofuata walimpitia tena, maana ni watu wema. Kikapu chake kilimwagwa pamoja na vyao. Fungu lake alipewa, na Kalunde akamwongezea nusu ya lake, bila utani.

Lakini kule ndani, walipotawanyika, waliitana:

"Kalunde ee!"

"Ee!"

"Msoke ee!"

"Ee!"

Nyamizi akasimama na kikapu, akangoja zamu yake. Upepo ukapita. Wakaitana tena, jina lake likarukwa. Akangoja hata mara ya tatu, kisha akasema mwenyewe, taratibu:

"Nipo."

Akainama, akaendelea kuchuma.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliye ndani aifungulie, aliye nje aende nayo.
— Tumeipokea!
Basi osheni vyombo, mkalale.