Kikapu cha Mtama Kilichozaa Ghala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na wakwe, majirani na mahakama, Pimbi aliinama mpaka pua ikagusa vumbi mbele ya Hakimu Kiboko. Alimwamkia, akamsifu kwa unene wake, akamweleza shida yake yote. Hakimu kimya. Pimbi akazidi kuinama. Ndipo Mama Kanga alipomvuta sikio na kumnong'oneza kwamba hilo ni jiwe. Hakimu mwenyewe bado yuko mtoni anaoga.

Uwanja mzima ulicheka kwa-kwa-kwa. Pimbi akajipangusa pua, akasema angalau jiwe lilimsikiliza bila kumkatiza.

Moyoni, lakini, hakuwa na kicheko. Wakati wa ukame, watoto wake wakiwa hawana hata pumba, alikopa kikapu kimoja cha mtama kwa Bwana Fisi. Fisi alimpa kwa sharti: akichelewa kurudisha baada ya mavuno, kila mwezi ukiandama deni linakuwa maradufu. Pimbi aliitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yakiwa kikapuni. Mavuno yakawa haba, miezi ikaandama. Alipopata mtama wa kurudisha, Fisi aliukataa. Alitaka ghala zima, la sivyo achukue pango la Pimbi na kuwatoa watoto nje.

Hakimu Kiboko akafika, maji yakimchuruzika, akaketi, puu! Fisi akaeleza kwamba makubaliano ni makubaliano, na mdaiwa aliyakubali mbele ya mashahidi.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Pimbi. "Tena masharti ya Bwana Fisi ni mazuri mno. Inanisikitisha tu kwamba nayafaidi peke yangu. Naomba yawe sheria ya kijiji kizima, kwa kila aliyechelewa kurudisha kitu cha mwenzake."

Fisi, aliyekuwa akiwadai nusu ya wanakijiji, alikubali kabla hajaulizwa. Mate yakamtoka kabisa.

"Basi nianze mimi," Pimbi akasema kwa upole. "Mkeo aliazima chumvi kwa mke wangu, kiganja kimoja, siku mlipopokea posa ya binti yenu. Binti mwenyewe leo ana wajukuu."

Kijijini pale chumvi huazimwa kila jioni, ila kuidai ni aibu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuitaja. Lakini sheria sasa ilikuwa ya Fisi mwenyewe. Mama Kanga akaukumbuka mchi wake uliokwama kwa Fisi, ambao kwa hesabu hiyo ulikuwa umekwisha kuwa msitu. Ngiri naye akakumbuka kigoda alichomwazima Fisi. Watu wakahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, wakaingia kwenye kwato.

"Ngojeni kwanza, jamani," Fisi alisema. "Kiganja cha chumvi kitazaaje mlima? Aliyechelewa anarudisha alichochukua, na kidogo juu yake cha kumpoza mwenyewe. Zaidi ya hapo ni kunyang'anyana."

Fisi akayasikia maneno yake mwenyewe, akaufunga mdomo, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Umeiamua kesi yako vizuri kuliko ambavyo ningeiamua mimi," akasema Hakimu Kiboko. "Mahakama inaheshimu makubaliano, ila haimsaidii mtu kumla mwenzake kwa makubaliano. Pimbi atarudisha kikapu kimoja, na vibaba viwili kwa kuchelewa. Pango ni lake. Na wewe, Fisi, rudisha chumvi na vitu vya watu, na kidogo juu yake."

Pimbi alirukaruka kama ameketi juu ya siafu. Halafu, kwa kuwa siku ilikuwa imemkalia vizuri, akakohoa kidogo, akauliza kwa sauti tamu kama hivyo vibaba viwili, kwa huruma ya mahakama na kwa ajili ya watoto, haviwezi kusamehewa.

Hakimu alikwisha kuinuka, anaelekea mtoni. Hakugeuza hata shingo.

"Ulikula mtama wa mwenzako ukachelewa. Lipa."