Habari za Moto, Liulize Jiwe

"Habari za moto, liulize jiwe." Asubuhi mmeisikia kwa bwana misitu mpya mkacheka, mkaulizana jiwe litasema nini. Sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka mbali, wanangu. Aliyeisema mara ya kwanza amezikwa hapa hapa Lumage, na mmoja wa waliomfanya aiseme ni mimi ninayewasimulia. Msinikatize nitakapofika kwenye aibu yangu, maana nikikatizwa hapo huenda nisiendelee.

Mwaka huo mvua zilichelewa hadi mwisho wa Novemba. Nyasi za mlimani zilikauka kiasi cha kukatika ukizigusa. Mipaini yetu ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tuliipanda familia kumi na tatu kwa mikono yetu, na kipande cha juu kilikuwa cha shule. Kila mtu alikuwa na lake alilolisubiri siku ya kuvuna: huyu bati za nyumba, yule ada ya mtoto, mimi mashine ya kusaga.

Mimi, Fidelis Kaduma, ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya mazingira. Nawaambia ukweli, nilikuwa mtu wa kushuku. Kuku wangu akipotea, kabla sijachungulia kwenye kiota nilikuwa nimeshapata majina ya wezi wawili. Watu waliniita jicho la kijiji, nami nikavimba kichwa nikidhani wananisifu.

Basi wilaya ikatuletea mtu wa kufundisha namna ya kujikinga na moto, na kuuchunguza pale unapotokea. Alikuwa mwanamke, Konsolata Mligo, lakini tulimwita Bwana Misitu hivyo hivyo, kwa kuwa cheo kilifika kijijini kabla yake. Jumatatu moja alitukusanya kwenye bega la mlima, nje kidogo ya mipaini, atuonyeshe jinsi ya kuchoma nyasi kwa mpango. Tulifyeka ukanda kuzunguka kipande kidogo, tukakichoma kwa kuelekea upepo unakotoka, huku watu wamesimama na matawi mabichi na ndoo za maji. Kisha tukakizima. Bwana Misitu mwenyewe akapiga magoti, akapapasa majivu kwa kiganja, hapa na pale.

"Moto haujazimika mpaka mkono ukubali," alisema, nasi tukamwitikia kwa pamoja mithili ya watoto wa shule.

Ijumaa yake, saa nane mchana, mlima ukawaka.

Sitausimulia sana moto huo. Tuliupiga mpaka giza likaingia, wanawake kwa wanaume, na ulipotulia ulikuwa umekula miti ya familia tisa na ya shule yote. Yangu haikubaki hata mmoja. Nilikaa chini nikalia mbele ya mke wangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Machozi hayajakauka, nikaanza kutafuta jina, na wala sikuhangaika sana kulipata. Mchana wa Ijumaa hiyo hiyo, jirani yangu Leonsia Sekihwelo alikuwa amekuja jikoni kwetu kupalia moto. Ninyi wa viberiti hamjui mambo hayo. Zamani moto wako ukizimika ulikwenda kwa jirani na kigae cha chungu, ukapewa makaa mawili matatu, ukayafunika na majivu, ukarudi nayo kwako. Leonsia alikuwa mjane anayelea wajukuu wawili, na kiberiti kwake kilikuwa kitu cha sikukuu. Na kijia cha kwenda kwake kilipita chini ya mipaini.

"Nimemwona kwa macho yangu akipita na makaa, na upepo unavuma," nikamwambia mwenyekiti wa kijiji.

Ilikuwa kweli. Ubaya wa neno lile ndio huo, kwamba lilikuwa kweli.

Kufikia Jumamosi jioni kijiji kizima kilikuwa kimemwona. Mmoja aliona cheche zikiruka kutoka kwenye kigae. Mwingine alimwona amesimama anautazama mlima. Wa tatu akakumbuka kwamba Leonsia hakuwa na mti hata mmoja mle, kwa hiyo lazima alikuwa na wivu na wenye miti. Jumapili kanisani, waliozoea kukaa naye walihama benchi. Mwenyekiti akatangaza mkutano wa Jumatatu: ikithibitika ni yeye, akabidhiwe polisi na kiwanja chake kichukuliwe, yeye na wajukuu wake watafute kwingine pa kuishi. Wapo waliosema kuthibitisha ni kupoteza muda tu.

Jumatatu asubuhi Bwana Misitu akafika. Akaomba mkutano ungoje mpaka alasiri, kwanza atembee mlimani. Nikaandamana naye kwa kuwa nilikuwa katibu, lakini hasa nilikwenda kumchunga. Nilikuwa nimeshamshuku na yeye. Nilijiambia, huyu ni mwanamke mwenzake, asije akamfichia.

Tulipofika kwenye kijia nikamwonyesha kwa kidole. "Hapa ndipo alipopita, Bwana Misitu. Andika."

Hakuandika. Alinipandisha mpaka juu kabisa, kule moto ulikoishia, akasema tutaanzia mwisho turudi nyuma. Akainama kwenye jiwe moja.

"Tazama, Katibu. Upande huu mweusi, upande ule safi. Jiwe huungua usoni, kule linakotazamana na moto unaokuja. Kisogoni kwake hata majani yamepona. Ukitaka kujua moto ulitoka wapi, fuata nyuso za mawe."

Akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, akaenda kwenye jiwe la pili, kisha la tatu. Tulishuka hivyo, jiwe kwa jiwe. Tulipokaribia kijia cha Leonsia moyo wangu ulifurahi, nami nakiri kwamba ulifurahi. Lakini mawe ya pale kijiani yalikuwa meusi upande wa juu, wa mlimani. Upande wa kijia yalikuwa safi.

"Moto ulifika hapa ukishuka," alisema. "Haukuanzia hapa."

"Mawe nayo yanaweza kukosea," nikasema.

"Moja linaweza. Haya ni arobaini."

Akageuka kufuata nyuso nyeusi, na vijiti vyekundu vikaanza kukata mlima kwa upande. Nikazidi kumshuku. Nikawaza, anazungukazunguka nichoke, nirudi nyumbani, aandike atakalo. Kisha nikaona tunakoelekea, nikapunguza hatua. Yeye naye alikuwa ameacha kunifundisha. Alichomeka vijiti kimya kimya, tena polepole.

Mawe yalitufikisha kwenye bega la mlima, kwenye kipande chetu cha mafunzo. Ndani yake kulikuwa na kisiki cha mti wa muwati wa zamani, na kila jiwe lililokuwa karibu lilikuwa limekielekezea uso wake mweusi. Bwana Misitu akachimba kwa ncha ya panga. Mzizi mmoja ulikuwa umeungua ndani kwa ndani, ukapita chini ya ukanda tuliofyeka, ukatokea ng'ambo kwenye nyasi kavu. Aliingiza mkono kwenye tundu lake, akautoa haraka. Siku saba zilikuwa zimepita na majivu ya mle yalikuwa bado ya moto.

Alibaki amepiga magoti. "Katibu, siku ile niliondoka nikakuachia neno gani?"

Nililijua neno hilo. Aliniagiza nirudi pale kila asubuhi kwa siku tatu, nichimbe kuzunguka kisiki na kupapasa. Jumanne shemeji yangu alikuwa na pombe ya komoni. Jumatano nikasema majivu ni majivu tu. Alhamisi hata sikukumbuka.

"Nilikuwa na shughuli," nikajibu.

"Nami nilikiona kisiki hiki," alisema. "Nilipaswa kukichimbua kabla ya kuwasha. Niliona watu wamechoka, nikasema maji yatatosha."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilitazama huku na huku, hakuna mtu. Nikasogea karibu naye.

"Bwana Misitu, tuko wawili tu hapa. Ng'oa vijiti hivi, mwisho wake uwe kijiani. Mawe ya pale ni madogo, tunayageuza mara moja. Wewe una kazi, mimi nina jina. Yule ana nini cha kupoteza?"

Akanyoosha kidole kwenye mwamba uliozama ardhini hatua chache kutoka kwenye kisiki, mweusi upande mmoja tu.

"Na hilo tutaligeuzaje?" aliuliza. "Halafu unasema hana cha kupoteza. Ana kiwanja na wajukuu, Katibu. Si kiwanja hicho mnachotaka kumnyang'anya alasiri hii?"

Tulishuka, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Mkutanoni alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza salamu. "Moto huu nimeuanzisha mimi," alisema.

Mnadhani watu walimwamini? Walinong'ona kwanza, kisha wakapaza sauti. "Amehongwa!" "Ahongwe na mjane, kwa kipi?" "Wanawake wanafichiana hawa!" Ilibidi awaongoze wote mlimani, wakafuata vijiti vyekundu kwa mstari mrefu, wakipinga kila jiwe na kukubali lililofuata. Leonsia alikuja nyuma kabisa, peke yake, na hakuna aliyempunguzia mwendo.

Kwenye kisiki waliingiza mikono mmoja mmoja, na kila aliyeutoa mkono alinyamaza. Bwana Misitu alieleza kosa lake lote, mwanzo hadi mwisho. Langu hakulitaja. Hata hapo nikamshuku: nikasema anajiwekea akiba, atanishika nalo siku nyingine. Ndivyo nilivyokuwa.

Kisha Leonsia akapita katikati ya watu, akafika kwenye ule mwamba. Aliupangusa kwa kiganja upande mweusi, akautazama mkono wake, halafu akanitazama mimi. Hakuwa amekasirika. Alinitazama tu, jirani yangu wa kupaliana moto.

"Niliagizwa nije kupapasa siku tatu," nikasema mbele ya wote. "Sikuja hata moja. Na miti yenu, na huyu mama, vyote viko shingoni mwangu."

Watu wakaanza kunizomea. Leonsia akainua mkono wake wenye masizi, wakanyamaza.

"Nimeishi nanyi miaka thelathini na minane," alisema. "Hakuna aliyefika mlangoni kwangu akaniuliza, Leonsia, yale makaa uliyafikisha jikoni? Hata mmoja. Mgeni ameliuliza jiwe, jiwe likanisemea. Basi kuanzia leo, habari za moto liulizeni jiwe. Msiwaulize watu wa Lumage, wao majina wanayo tayari mdomoni."

Akashuka mlima, akatuacha tumesimama.

Bwana Misitu aliandikiwa barua kali na wakubwa wake, akakaa miezi bila kutumwa popote. Aliporudi kazini, kila alipofundisha alianza na kisa chake mwenyewe, bila kujipunguzia hata neno. Mimi nilivuliwa ukatibu, nikapewa kazi ya kuipanda upya miti ya shule, nami niliipanda. Nilikwenda na mke wangu kwa Leonsia kuomba radhi. Alitupa viti, akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliitikia salamu zangu mpaka siku alipofariki, lakini mlangoni kwangu hakukanyaga tena, na bado inaniuma.

Kwa hiyo mkisikia methali hiyo msicheke. Neno lake ni kwamba mtu aliyepata hasara ana haraka ya jina, na jina la mnyonge ndilo lililo karibu. Tafuta kwanza shahidi asiye na hasira wala wivu. Ukimpata, mfuate mpaka mwisho, hata kama njia yake inakuja mlangoni kwako. Mimi njia hiyo nilitaka kuigeuza kwa mikono yangu miwili, na mwamba ukanishinda.

Habari za moto, wanangu, liulize jiwe.