Siku Kindi Alipofasiri Wastani

Mliokaa, mnasikia?
Tunasikia!
Niingie na ngano?
Ingia nayo!

Paliingia njaa. Nyani, mwenye mikono mirefu na tumbo kubwa, alikusanya karanga zote za bonde akazijaza pangoni mwake. Kindi hakuwa na hata punje, na wanawe walikuwa wamechoka hata kulia.

Akaja Korongo, mtafiti kutoka mbali. Akapima chakula cha bonde zima, akaandika kwa lugha ya kwao kwamba kila mla karanga ana kikapu kimoja. Ila pembeni aliweka neno ambalo bondeni halikujulikana.

Nyani akafurahi. Akamwita Kindi, mfasiri pekee wa bonde, akamwagiza amsomee Mfalme Simba kwamba kila mmoja ana kikapu chake, njaa hakuna. Akikubali, wanawe watapata konzi moja ya karanga. Akikataa, hawataonja kitu.

Kindi akainama. "Nitafasiri, Bwana Mkubwa. Ila desturi yetu unaijua."

Desturi ya bonde ilikuwa hivi: neno geni halipokewi mpaka lionyeshwe kwa vitendo, na aliyetaka lifasiriwe ndiye anayelionyesha. Nyani, kwa haraka zake, akaapa mbele ya Simba kulitimiza mpaka mwisho.

"Neno lenyewe ni wastani," Kindi akasema. "Kwanza, mwaga karanga zote pamoja."

Nyani akamtazama Simba. Simba akamtazama Nyani. Nyani akamwaga, chururu. Akaleta nyingine, akamwaga, chururu. Akaleta nyingine, chururuuu, mpaka kilima kikampita Simba kimo. Jamani, kumbe bonde lile lilikuwa na chakula kiasi kile! Mimi nikifika hapa mwili hunisisimka.

"Halafu?" Nyani akauliza.

"Halafu gawa sawasawa, asiwepo wa kumzidi mwenzake. Hapo neno limekamilika."

Nyani akagawa. Kikapu kwa Panya, kikapu kwa Kanga, kikapu kwa Kindi. Cha mwisho kikawa chake, kimoja tu, vilevile alivyoandika Korongo. Korongo mwenyewe akaduwaa. Neno hilo alikuwa akiliandika tangu ujana, na siku ile ndiyo kwanza analiona kwa macho.

Nyumbani kwa Kindi ikasikika kach, kach, kach, mpaka watoto wakasinzia na karanga mkononi.

Ngano yangu imeshiba, nayo imelala. Na funzo lake, wanangu, ni hili: maneno ya kitaalamu hayamshibishi mtu mpaka yaonyeshwe kwa vitendo.